Tropheus

Tropheus ni jenasi ya samaki wa Ziwa Tanganyika, jamaa wa sato. Huishi kwenye miamba ya kandokando ya ziwa. Fukwe za mchanga za Bujumbura haziwafai, hivyo nchini Burundi hupatikana kusini zaidi, kuelekea Rumonge. Spishi moja, Tropheus brichardi, iliitwa hivyo mwaka 1975 kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyesafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura na kuandika vitabu juu yao.

Kwa anayewafuga tangini, chakula ndicho jambo kuu. Samaki hawa hukwangua mwani uliotanda juu ya mawe, na utumbo wao ni mrefu mno, umezoea kumeng'enya mimea taratibu. Wakilishwa nyama au minyoo kwa wingi huvimba tumbo na kufa, hasara inayosikitisha kwa sababu huepukika kwa urahisi: wapewe chakula chenye spirulina, au mchicha uliochemshwa kidogo.

Maji ya Tanganyika ni magumu, yenye pH karibu 9, na mimea mingi ya tangi haiyastahimili. Vallisneria huyamudu; huota yenyewe ziwani. Anayetaka kuwapa malisho ya asili aweke mawe chini ya mwanga mkali mpaka yaote mwani.