Tume ya Nyalali na Kurejeshwa kwa Mfumo wa Vyama Vingi Tanzania

Julai 1, 1992 Tanzania ilirejea rasmi katika mfumo wa vyama vingi vya siasa. Hatua hiyo ilihitimisha kipindi cha miaka 27 cha mfumo wa chama kimoja, uliowekwa na Katiba ya Muda ya 1965 ambayo ilitambua TANU kwa Tanzania Bara na ASP kwa Zanzibar. Vyama hivyo viliungana Februari 5, 1977 na kuzaa Chama Cha Mapinduzi (CCM).

Chimbuko la mjadala

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mageuzi ya kisiasa yalienea Ulaya Mashariki na katika nchi nyingi za Afrika. Nchini, Mwalimu Julius Nyerere, akiwa bado Mwenyekiti wa CCM, alisema mwaka 1990 kuwa si dhambi kuujadili mfumo wa vyama vingi. Wanasheria, wasomi na wanaharakati nao walidai mabadiliko ya Katiba, na Juni 1991 walikutana Dar es Salaam katika semina iliyozaa kamati ya kitaifa ya kudai mageuzi hayo.

Kazi ya Tume

Februari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, yenye wajumbe kutoka pande zote mbili za Muungano. Tume ilizunguka mikoani na kukusanya maoni ya watu zaidi ya 36,000. Takriban asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee, na takriban asilimia 21 walitaka vyama vingi.

Pamoja na matokeo hayo, Tume ilipendekeza vyama vingi. Ilizingatia kuwa wengi wa waliounga mkono chama kimoja walitaka pia kifanyiwe marekebisho, na kwamba maoni ya wachache nayo yalistahili kupewa nafasi. Hapa ndipo ulipo uzito wa Tume hiyo katika historia ya nchi: haikuhesabu vichwa pekee, bali ilipima hoja.

Utekelezaji

Februari 1992 Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM uliridhia mabadiliko. Bunge likarekebisha Katiba kwa Sheria Na. 4 ya 1992 na kutunga Sheria ya Vyama vya Siasa Na. 5 ya mwaka huo. Sheria hiyo ilizuia vyama vinavyojengwa kwa misingi ya dini, kabila au eneo, na kutaka kila chama kiwe na wanachama Bara na Zanzibar. Wanajeshi na askari polisi walizuiwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa.

Si kila pendekezo lilikubaliwa. Muundo wa Muungano wa serikali tatu haukupitishwa. Tume ilitaja pia sheria 40 zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa, ikiwemo Sheria ya Kuwekwa Kizuizini ya 1962, na orodha hiyo iliendelea kurejewa katika mijadala ya Katiba kwa miaka mingi.

Oktoba 1995 ulifanyika Uchaguzi Mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe. Wagombea wanne waliwania Urais wa Muungano, na Benjamin Mkapa wa CCM akachaguliwa kuwa Rais wa Awamu ya Tatu.