Kabla mambo hayajaenda mrama

KILA wiki ukifungua gazeti hukosi kukutana na sentensi kama ‘mipango ya serikali yaenda mrama’. Tumeizoea mno hata hatuulizi huo mrama ni kitu gani. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliwahi kuniambia, bila wasiwasi wowote, kwamba huenda ni mji ulioko Tanzania. Nilicheka, kisha nikajiuliza ni wangapi kati yetu tungeweza kumjibu sawasawa.

Mrama ni kule kuyumba kwa chombo baharini, kulalia ubavu huu kisha ule. Chombo kwenda mrama kidogo si ajabu. Ndiyo tabia ya maji. Hatari huja pale mzigo ulioko ndani unapohama. Chombo kikilala, mzigo huporomoka upande huohuo, nacho hushindwa kuinuka kabla wimbi la pili halijakifikia. Wahenga waliotupa msemo huu hawakuwa wakitafuta tamathali ya kupamba hotuba. Walikuwa wakieleza jinsi watu wanavyokufa maji.

Tutazame Malindi. Bandari yake ni ya wazi, haina hori refu la kujifichia kama Kilifi au Mombasa, na mashapo mekundu ya Mto Sabaki huzidi kuifanya iwe ya maji haba. Mji ulipofufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, chini ya himaya ya Sultani wa Zanzibar, ukawa ghala la nafaka. Mtama na ufuta uliolimwa na watumwa kwenye mashamba makubwa ulisafirishwa hadi Uarabuni. Vyombo vilivyoshuka na upepo wa kaskazi vilirejea na kusi, navyo vimesheheni.

Sasa, nafaka ni mzigo mnafiki. Ikiwa gatini imetulia kama mchanga, ikifika baharini hutiririka kama maji. Ikilowa, huvimba na kusukuma mbao za chombo kutoka ndani. Ndiyo maana hamali na mabaharia walijali vitu ambavyo mtu wa bara huviona vya kipuuzi: fito zilizotandikwa chini ili mzigo usiguse maji ya ngama, makanda ya ukili yaliyoshonwa midomo, na namna ya kuyapanga yabanane pasiwe na mwanya. Ngama ni kule chini kabisa ndani ya chombo ambako maji yanayovuja hukusanyika, na kuyatoa huitwa kufua maji. Katika mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba wa nazi bila msumari hata mmoja, kazi ya kufua haikuwa na mapumziko. Hebu fikiria: kamba ndiyo iliyoshika mzigo, na kamba hiyohiyo ndiyo iliyoshika mbao zenyewe!

Chombo kisicho na mzigo nacho kina hatari yake. Hicho hutiwa farumi, yaani mawe au mchanga wa kukipa uzito chini karibu na mkuku. Neno hili limetutoka vinywani. Nimewasikia walimu wa Kiswahili wakitamka ‘balasti’ kana kwamba hatukuwa na chetu.

Boriti za mikoko zilikuwa na ukorofi wa aina nyingine. Hizi zilihesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti ishirini. Mti mmoja ni mzigo wa mtu mmoja, lakini korija mia zikiteleza kwa pamoja hakuna mwanamaji wa kuzizuia. Mnamo 1939 mwandishi Mwaustralia, Alan Villiers, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililokwenda kupakia miti hiyo kwenye delta ya Rufiji, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Kwa upande wa Kenya biashara hii ilikatika pale serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mnamo 1982. Sidhani kuna aliyekaa akafikiria kwamba marufuku hiyo ingeondoka pia na msamiati. Kijana wa Watamu leo anaweza kuishi hatua chache kutoka mikoko ya Mida na asijue korija ni nini.

Lakini shehena ngumu kuliko zote ni ile yenye miguu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika katika ikulu ya mfalme Yongle wa China wakiwa na twiga. Mwaka mmoja kabla, twiga mwingine alikuwa amepelekwa huko na mfalme wa Bengal, na wanahistoria wengi wanaamini naye alitoka pwani hii. Wachina walimchora huyo wa kwanza, na aliyeiandikia picha hiyo maelezo ni Shen Du. Wengi huitazama shingo na yale madoa. Mimi huitazama kamba: kuna mtumishi aliyesimama kando ameishika, nayo imefungwa kwenye hatamu ya mnyama. Huwezi kumfunga twiga kama gunia la mtama. Ukimkaza ataumia, ukimlegeza atacheza na chombo kitacheza naye.

Si kila shehena ilifika. Karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, yaligunduliwa mwaka 2013 mabaki ya meli ya Wareno yenye vipande vya shaba na pembe za ndovu. Mwaka 2024 watafiti walieleza kwamba huenda ni São Jorge, mojawapo ya meli za safari ya mwisho ya Vasco da Gama, iliyopotea mwaka 1524. Miaka 500 hivi imepita, na shaba ingali pale chini.

Nahodha aliyeona mambo yamemzidi alikuwa na njia moja iliyobaki, nayo ni kutosa. Kutota ni kuzama, na kutosa ni kukifanya kitu kizame: mzigo unatupwa ili roho za watu zisalimike. Vijana wetu wanaposema ‘ametoswa’ wakimaanisha ameachwa na mpenzi, wanalitumia neno la baharini vizuri kuliko wanavyojua. Aliyetoswa ameonekana mzito!

Yote haya nayasema kwa sababu ya ubishi. Mtaalamu mmoja tuliyekutana naye kongamanoni alishikilia kwamba maagizo ya usalama vyomboni heri yabaki kwa Kiingereza, eti Kiswahili hakina istilahi. Kwamba hata wafanyakazi wa bandari ya Kilindini wenyewe husema ‘lashing’. Ni kweli husema hivyo, na sina ugomvi nao; kontena zina vifaa vyake, na tangu tarehe 1 Julai 2016 sheria ya kimataifa inataka uzito wa kila kontena uthibitishwe kabla ya kupakiwa. Lakini feri ya Mtongwe ilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994 ikiwa imepakia kupita kiasi, na watu 272 wakafariki, waliokuwa ndani ni watu ambao wengi wao lugha yao ya kila siku ilikuwa Kiswahili.

Istilahi zipo. Kufunga lipo, kukaza lipo, hata kuganga, ambalo leo tumemwachia mganga peke yake, maana yake ya msingi ni kufunga kilichovunjika hadi kikae imara, uwe mfupa au mlingoti. Nilimuuliza mzee mmoja wa mtaa wa Shela, pale Malindi, aliyekuwa akifunga mapipa kwenye mashua ya mwanawe: “Mjomba, hii ndiyo lashing?” Akanitazama kwanza. “Lashing ni ya Mombasa, mwanangu. Hapa twafunga.” Kisha akalipiga teke pipa la mwisho, likagonga ubao, akaanza kuifungua kamba yote upya.

Nami nilikuwa na haraka ya matatu ya Kilifi, lakini nilikaa hadi akamaliza. Kwenye ule ubao wa tangazo wanaoubishania, mimi ningeandika maneno sita tu: Shehena ifungwe kabla ya kung’oa nanga.