Tuma kwa namba hii

Tuma kwa namba hii ni utapeli wa simu uliozoeleka Tanzania. Humfikia mtu kwa ujumbe mfupi unaojifanya mwendelezo wa mazungumzo: ile hela itume kwenye namba hii, jina litatokea la fulani. Tapeli hajui anamwandikia nani. Husambaza ujumbe huohuo kwa watu wengi, akitegemea kumpata mmoja aliyekuwa kweli anajiandaa kutuma kodi ya nyumba au ada ya mjukuu.

Wazee hulengwa pia kwa simu ya kupigwa: mtoto amepata ajali, hospitali inataka pesa sasa hivi. Haraka hiyo ndiyo silaha yenyewe. Wengi wao hufanya miamala ya pesa kwa simu kwa msaada wa wakala au kijana wa jirani, wakiitaja namba ya siri kwa sauti dirishani. Kwa hiyo mwizi si lazima awe mgeni.

Tangu 2019 laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa (NIDA). Usajili huo ulizaa hila nyingine: msajili asiye mwaminifu humwambia mzee kidole hakijasoma, abonyeze tena, kumbe anasajili laini ya pili kwa jina la mzee huyo. Laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu huonekana kwa kupiga *106#. Ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa kuutuma kwenda 15040, namba iliyotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).