Reli ya Ubundu na Fungu la Vizazi Vijavyo

Kati ya Ubundu na Kisangani, Mto Lualaba hushuka kwa maporomoko saba, wala hakuna meli iwezayo kupita. Kwa sababu hiyo ilijengwa njia ya reli ya kilomita 125, iliyofunguliwa mwaka 1906, siku Ubundu ilipoitwa Ponthierville. Ndugu msomaji, kwetu hakuna kisima cha mafuta. Hata hivyo reli hiyo yatufundisha jinsi utajiri wa ardhi unavyopotea.

Kampuni ya CFL iliundwa mwaka 1902, na nyuma yake alisimama Baron Édouard Empain, tajiri wa Ubelgiji. Dola Huru ya Kongo iliwahakikishia wenye hisa faida ya asilimia 4, tena ikawapa haki juu ya ardhi na madini. Tazama mpango wenyewe: fungu la mwekezaji liliandikwa kabla reli haijajengwa, lakini fungu la mwenyeji halikuandikwa popote. Waliobeba mataruma na kuvunja mawe hawakurithi kitu. Baadaye reli ikachakaa kwa vita na kwa kukosa matengenezo.

Uhuru haukubadili mambo haya kwa mara moja. Huko Moanda mafuta yalianza kuchimbwa katika miaka ya 1970. Yanauzwa ghafi ng’ambo, nasi twaagiza petroli kutoka nje. Mwaka 2022 serikali ilitangaza zabuni ya vitalu 27 vya mafuta na vitalu 3 vya gesi katika Ziwa Kivu. Baadhi ya vitalu vya mafuta viliingia katika misitu ya Bonde la Kati, ambako udongo wa mboji katika Kongo zote mbili umehifadhi takriban tani bilioni 30 za kaboni. Zabuni ya mafuta ilifutwa mwaka 2024, na mwaka 2025 vitalu vingine vikatangazwa.

Mafuta hayaoti tena kama muhogo. Pipa likiisha kuuzwa, fedha ndiyo pekee iliyobaki. Ikitumika yote kwa mishahara na madeni, tumekula mbegu. Norway ilitunga sheria ya mfuko wa akiba mwaka 1990. Jirani zetu Uganda na Tanzania walitunga zao mwaka 2015. Nasi tunao mfano nyumbani: Kanuni ya Madini ya mwaka 2018 hugawa mrabaha asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za mahali, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Akiba haiozi, wahenga walisema, lakini huibwa. Kwa hiyo kabla ya kutoa kibali chochote, mkataba usomwe hadharani, fungu la wenyeji na la watoto wao liandikwe humo, na hesabu ya mfuko itangazwe kila mwaka. Tuyadai hayo sasa, kwa maana mkataba ukiisha kutiwa sahihi, fungu lisiloandikwa ni vigumu kulidai.