Bure na Huru: Historia ya Mashine Yetu ya Nyamirambo

Juzi mdogo wetu mmoja, ndiyo kwanza amefika Kigali, aliketi mbele ya mashine yetu akauliza: "Hii kompyuta iko na mfumo gani? Mbona haifanane na za wengine?" Tukacheka. Halafu tukaona kwamba wengi wenu mmeikuta tu iko mezani, hamjui ilivyopona. Basi leo tunaandika historia yake, na ya watu wa mbali na wa karibu walioiponya bila kutujua.

Asubuhi ya Alhamisi

Mashine tuliinunua kwa mchango wetu. Ni mtumba, betri imekufa, inaishi kwa chaja tu. Kidogo kidogo ikawa kabati letu. Tuliweka humo CV, barua za kuomba kazi, picha za diploma tulizopiga kwa simu, vyeti vya kuzaliwa vya wadogo zetu. Kuna karatasi ambazo zenyewe zilibaki nyumbani, na nyumba haipo tena. Kilichobaki ni ile picha.

Siku hiyo tukaiwasha, ikatuambia kibali cha mfumo kimekwisha. Programu ya kuandikia ikawa inafungua mafaili lakini inakataa kuhifadhi hata neno moja. Kumbe aliyetuuzia alikuwa ameweka nakala ya wizi. Na dada yetu mmoja alikuwa na ombi la kusomeshwa chuo, mwisho wa kupokea ni saa kumi na moja jioni siku ile ile.

Fundi alitupa njia mbili. Tulipie kibali halali, na pesa hiyo hatuna. Au afute kila kitu, aweke nakala nyingine ya wizi. Kufuta kila kitu! Tulitazamana tu.

Aliyetuokoa ni kaka mmoja wa Bujumbura. Alitoa flashi mfukoni, akaichomeka, akaiwasha mashine kupitia flashi ile bila kugusa kitu ndani. Baada ya dakika chache skrini ikaja na sura tusiyoijua, na folda zetu zote zimetulia mahali pake. Dada akamalizia ombi lake kwa LibreOffice, tukalipeleka saiba, likatumwa saa kumi na dakika ishirini. Nafasi hakuipata mwaka ule. Lakini hakuikosa kwa sababu ya kompyuta, na hilo kwetu lina uzito.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Akauliza bei ya hicho kitu cha kwenye flashi. Tukamwambia hakina bei. "Hakina bei? Sasa wale wenye kukitengeneza wanakula nini?"

Hatukuwa na jibu. Ndipo tukaanza kutafuta.

Walioanza

Tulichokuta ni kwamba jambo hili lilianza na printa iliyokwama karatasi. Karibu mwaka 1980, katika chuo cha MIT huko Marekani, mtaalamu mmoja kwa jina Richard Stallman alitaka kurekebisha programu ya printa ya maabara yao, ili ikikwama iwajulishe watu. Akanyimwa maandishi ya ndani ya programu, yaani zile amri ambazo mtu anaziandika na mashine inazifuata. Mtu anaweza, anataka kusaidia, lakini haruhusiwi kufungua. Mwaka 1983 akatangaza kwamba ataandika mfumo mzima ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia atakavyo, kuuchunguza, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Akauita GNU.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, akaandika kiini cha mfumo wake na kuwaonyesha watu wote. Kikaitwa Linux. Ukiunganisha kiini hicho na kazi ya GNU, unapata mfumo kamili. Leo Linux imo pia ndani ya kila simu ya Android, hata ile ya skrini iliyopasuka unayotumia kusoma haya.

Halafu Oktoba 2004 likatoka toleo la kwanza la Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Linux kwa pesa za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walituma diski kwa posta popote duniani, usilipe hata stempu. Mfumo uliokuwa kwenye flashi ya kaka yetu ni wa ukoo huo.

Jina lenyewe hapa Nyamirambo halihitaji mkalimani. Kwa Kinyarwanda na Kirundi, ubuntu ni utu na ukarimu, na kitu cha "ku buntu" ni kitu cha bure. Ila hapa tuangalie vizuri. Waingereza wana neno moja kwa cha bure na kwa kilicho huru, ndiyo maana Stallman amezeeka akieleza tofauti. Sisi Waswahili tunayo maneno mawili tayari. Nakala ile ya wizi tuliipata bure, lakini haikuwa huru: aliyeifunga alikuwa na uwezo wa kutufungia kabati letu. Wataalamu wa Kiswahili wakachagua neno "huria", wakasema programu huria. Ni neno zuri.

Na wanakula nini? Jibu tulilompelekea Mama ni hili: wengi wanalipwa mshahara na kampuni na vyuo vinavyoutegemea mfumo huo, na wengine wanatoa saa zao bila malipo. Mama akasema, "Aaa, kumbe ni umuganda." Ndiyo, ni umuganda: kila mtu na jembe lake, na barabara ikishatengenezwa anapita hata yule ambaye hakuja.

Mambo haya yalifika karibu na sisi

Tulidhani hii ni habari ya Wazungu na baridi yao. Sivyo.

Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux: programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kuomba ruhusa ya kampuni yoyote, kwa sababu OpenOffice ilikuwa huria. LibreOffice tunayotumia leo ni mtoto wa OpenOffice hiyo, alijitenga mwaka 2010.

Mwaka 2006, OpenMRS, programu huria ya kutunza mafaili ya wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret nchini Kenya, na mwaka huo huo ikafika Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, kwa ajili ya wagonjwa wa VVU na kifua kikuu. Mwaka 2008 Rwanda ikaanza kugawa shuleni zile kompyuta ndogo za kijani na nyeupe, za mradi wa kila mtoto na kompyuta yake. Baadaye zikapita 100,000. Nazo zilikuwa za Linux, na kwenye kibodi yake waliweka kitufe cha kumwonyesha mtoto jinsi programu ilivyoandikwa. Wadogo wengi waliishia kwenye michezo tu, lakini mtu aliyefikiria kitufe kile tunamheshimu.

Tena hapa Kigali, vijana wa Digital Umuganda waliwakusanya watu wasome sentensi za Kinyarwanda kwenye simu zao, sauti zikawekwa katika hazina huria ya Common Voice ya Mozilla. Saa zimepita 2,000. Lugha ya watu milioni kumi na kitu ikazipita lugha nyingi kubwa za dunia.

Na wewe ndugu mfanyakazi wa shirika: ile tableti unayokuja nayo mlangoni, unatuuliza tuko wangapi, tunakula mara ngapi, mara nyingi ndani yake mna KoboToolbox. Hiyo nayo ni huria. Watafiti wa Harvard waliijenga juu ya Open Data Kit, kazi iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington. Neno "kobo" walilichukua kwa Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, watu waliokaa miaka mingi kambini wakati wa vita. Maana yake ni kuhamisha. Tuliposoma hapo tulinyamaza kidogo. Sisi ndio tunaohamishwa, na majibu yetu nayo yanahamishwa, na mara nyingi hatuyaoni tena.

Mtaa huu na sisi

Nyamirambo ni mahali pake kabisa pa kujifunza haya. Msikiti wa Al-Fatah, wa kwanza mjini Kigali, ulijengwa mwaka 1913, na Waswahili waliotoka pwani na bara ya Tanganyika na Kongo, wafanyabiashara, askari na wapagazi waliofuatana na Wajerumani. Wabelgiji walipochukua nchi waliwakusanya Biryogo, mahali palipoitwa Camp Swahili. Kambi! Wajukuu wa kambi ile ndio waliokuwa madereva, mafundi na wauza vipuri wa mji huu. Na Kiswahili chao, kilichodharauliwa kama lugha ya wahuni wa sokoni, mwaka 2017 kikawa lugha rasmi ya Rwanda.

Ukipita Biryogo leo utaona fundi simu amefungua simu nne mezani, kioo cha hii kinaingia kwenye ile. Hakuna anayemuuliza kibali cha kufungua. Sisi tumefanya hivyo hivyo kwa mashine yetu. Kibodi yake ilitoka Marekani, na sisi wengi tuliosoma Kongo na Burundi vidole vyetu vinajua mpangilio wa Kifaransa. Sasa ukibonyeza vitufe viwili mpangilio unageuka, na herufi tumezibandika kwa karatasi na gundi. Maneno ya menyu yaliyotuchanganya tumeandika tafsiri yake ukutani. Kwa sababu mashine ni nzee, kaka alitoa kila kinachoilemea, sasa inawaka haraka kuliko ilipokuwa "mpya". Na Kiwix tumeiweka pia, ili Wikipedia ya Kiswahili isomeke hata bando likiisha.

Tusidanganyane. Printa ya jirani iligoma mwezi mzima kuelewana nayo. Faili likitoka kwetu kwenda ofisini, mara nyingine mistari inaruka. Programu huria haikupi bando, wala umeme, wala kitambulisho. Na WhatsApp tunayotumia kutumiana essay hizi si huria, tunajua.

Lakini hesabu yetu ni hii. Kila tulichopewa tangu tutoke nyumbani kina mwenyewe anayeweza kukichukua: chumba, kadi, msaada wa mwezi. Katika kompyuta hii kuna kitu ambacho leseni yake inasema wazi kwamba ukishakipata hakuna anayeweza kukupokonya, na unaruhusiwa kumgawia mwenzako. Tukihamishwa kesho, kinaingia kwenye flashi ya mfukoni.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wafanyakazi wa mashirika: mkija na Kobo, siku moja kaeni nasi tuwaonyeshe maswali ambayo sisi tungeuliza, na mtufundishe kutengeneza fomu. Programu inaruhusu. Mkimaliza kuhesabu, turudishieni tuliyowaambia. Na ninyi wenzetu: kila Jumamosi isiyo ya umuganda, baada ya adhuhuri, mashine iko wazi. Njoo na flashi yako hata kama ni ndogo, utaondoka nayo imejaa. Ukipata muda, msaidie mwingine kama kaka wa Bujumbura alivyotusaidia.

Yule mdogo wetu aliyeuliza swali sasa anajua kuwasha mashine kupitia flashi. Jana tulimkuta anamwonyesha Mama mwenye nyumba.