Dawa Baridi: Duka Lililoitangulia Sheria

Kwa miaka mingi, mgonjwa wa kijijini Tanzania Bara hakuanzia zahanati. Alianzia duka la dawa baridi: chumba kimoja kando ya barabara, makopo ya vidonge rafuni, na muuzaji anayehesabu tembe na kuzifunga kwenye kikaratasi. Sheria ya Dawa na Sumu ya mwaka 1978 ilikwisha kuweka mipaka. Dawa za cheti cha daktari zilikuwa za famasi, chini ya mfamasia. Wenye maduka ya dawa baridi waliachiwa panadol, aspirini na za aina hiyo, basi.

Kwenye karatasi, mambo yalikuwa safi. Ila wafamasia walikuwa wachache, na famasi zao zilirundikana Dar es Salaam na miji mingine mikubwa. Mama wa Tunduru mwenye mtoto anayekohoa angeipata wapi amoksilini, antibiotiki ya cheti, siku zahanati imeishiwa? Alikwenda kwa muuzaji wake wa siku zote, naye mara nyingi alikuwa nayo, ila haikuwekwa mahali pa kuonekana. Aliyepungukiwa pesa aliuziwa nusu dozi. Tiba binafsi ya faida iliyopigwa marufuku mwaka 1977 iliporuhusiwa tena mwaka 1991, biashara ya afya ilizidi kupamba moto, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 maduka haya yalikuwa maelfu, mengi kuliko famasi mara kadhaa.

Mwaka 2003 ilianza kazi Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Ingeweza kutuma wakaguzi wakapige kufuli. Badala yake, ikishirikiana na shirika la MSH la Marekani kwa fedha za Taasisi ya Gates, ilijaribu jambo jingine mkoani Ruvuma: kuhalalisha sehemu ya kile kilichokuwa kikiuzwa kwa kificho. Likazaliwa Duka la Dawa Muhimu.

Ruhusa hiyo ilikuwa na masharti. Jengo lifanyiwe ukarabati, dawa za cheti zitunzwe kwa kufuli, mauzo yaandikwe daftarini. Muuzaji, ambaye mara nyingi alikuwa muuguzi msaidizi, alisoma wiki kadhaa na kufanya mtihani. Akifaulu, alivaa koti jeupe. Ukaguzi ulishushwa hadi kwenye kata, na huo, pengine, ndio uamuzi uliokuwa na akili kuliko yote, kwani mkaguzi wa kata hupita mbele ya duka hilo akienda sokoni. Wenye maduka nao walitafutiwa mikopo, maana saruji na makabati havipatikani kwa waraka.

Mpango ulienea mikoa mingine, na baadaye maduka hayo yakauza dawa ya mseto ya malaria kwa bei ya ruzuku. Uganda ikauiga, ikianzia wilaya ya Kibaale. Mwaka 2019 TFDA ikageuka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, masuala ya chakula yakahamia Shirika la Viwango; maduka ya dawa tayari yalikuwa mikononi mwa Baraza la Famasi.

Sharti la mgonjwa kuleta cheti cha daktari, hata hivyo, lilibaki palepale, na huvunjwa mara nyingi. Antibiotiki bado zinauzwa kwa maelezo ya mdomo tu, mara nyingi mahali ambapo daktari wa kuandika cheti hicho yuko mbali kuliko duka lenyewe.