Ken Okoth: Mtoto wa Kibera Aliyekwenda Bungeni

Kwa miaka mingi wakazi wa Silanga, kijiji cha Kibera kinachoteremka hadi Bwawa la Nairobi, walipiga kura katika eneobunge moja na matajiri wa Karen. Eneobunge hilo, Lang'ata, lilimpeleka bungeni Mwangi Mathai mwaka 1974, kisha Philip Leakey mwaka 1979, na kuanzia 1992 Raila Odinga, aliyekaa miaka 20 na kufika hadi kuwa Waziri Mkuu. Kibera ilimpenda Raila kwa dhati, hata kijiji kimoja cha humo kikaitwa kwa jina lake. Lakini hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyekulia kwenye vichochoro vyake.

Kufikia uchaguzi wa mwaka 2013 Lang'ata ilikuwa imegawanywa, likazaliwa eneobunge la Kibra. Mbunge wake wa kwanza, kwa tiketi ya chama cha ODM, alikuwa Ken Okoth, mzaliwa wa Kibera wa mwaka 1978. Alisoma Shule ya Msingi ya Olympic, akapata nafasi katika shule ya wavulana ya Starehe, kisha ufadhili wa Chuo Kikuu cha St. Lawrence huko Marekani. Akachukua shahada ya pili Georgetown, akafundisha historia Virginia. Angeweza kubaki huko. Alirudi.

Kwangu mimi, hapo ndipo heshima yake ilipoanzia. Mzazi wa Silanga anayefua nguo za watu ili alipe karo alimwona mbunge aliyeijua shida hiyo tangu utotoni. Okoth naye aliweka elimu mbele: madarasa, shule za sekondari za umma, basari. Kwa mtaa ambao kwa miongo mingi serikali iliuhesabu kuwa makazi yasiyo halali, na watoto wake wakategemea shule za watu binafsi na makanisa, shule ya umma ni zaidi ya jengo. Ni serikali kukiri kwamba watoto hao ni wake.

Hakuogopa kusema yasiyopendeza. Mwaka 2018 alipendekeza mswada wa kuhalalisha bangi, jambo ambalo wanasiasa wengi hawakuthubutu kulitaja hadharani. Mwanzoni mwa 2019, akiwa Paris kwa matibabu, aliwaandikia wapiga kura wake akawaambia wazi kwamba ana saratani ya utumbo mpana, tena imefikia hatua ya nne. Viongozi wetu huficha maradhi hadi siku ya tangazo la kifo. Yeye aliwaamini watu wake, akawakabidhi ukweli huo.

Alifariki Nairobi tarehe 26 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 41. Novemba mwaka huo ndugu yake Imran alishinda kiti hicho kwa ODM, akimbwaga mwanasoka McDonald Mariga wa chama cha Jubilee.

Uchaguzi wa 2027 unakaribia. Ndugu msomaji wa Silanga, mgombea akibisha mlangoni kwako, muulize atajenga shule gani, wapi, na kwa fedha zipi.